Kidung'ata wa Mpapai: Namna ya Kumtambua na Kumdhibiti Kabla ya Kukimbilia Sumu

Kidung'ata wa mpapai ni mdudu mdogo wa rangi ya manjano, aliyefunikwa na unga mweupe wa nta, anayeishi kwa kufyonza utomvu wa mimea. Kitaalamu anaitwa Paracoccus marginatus. Ingawa jina lake linatokana na mpapai, mdudu huyu hushambulia mimea ya aina zaidi ya 60, ikiwemo muhogo, bilinganya, nyanya, maharage, parachichi, pamba na maua ya kupamba nyumba. Kwa kaya nyingi za ukanda wa Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, ambako mpapai mmoja au miwili husimama nyuma ya nyumba na muhogo huliwa mizizi pamoja na kisamvu chake, mdudu huyu anagusa chakula cha kila siku na kipato kwa wakati mmoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua, kumtofautisha na wadudu wanaofanana naye, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua kwa gharama ndogo. Mkazo umewekwa kwenye utambuzi kwa makusudi. Sehemu kubwa ya hasara wanayoipata wakulima hutokana na viuatilifu vilivyonunuliwa kwa haraka, vikapulizwa kwa mdudu ambaye hajatambuliwa sawasawa, vikamwacha salama ndani ya nta yake na kuwaua wadudu ambao kazi yao ni kumla.

Alikotoka mdudu huyu

Asili ya kidung'ata wa mpapai ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Vielelezo vyake vya mwanzo vilikusanywa Mexico mwaka 1955, lakini wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 1992 tu. Kuchelewa huko kuna maelezo yake: nyumbani kwao hakuwa tatizo kubwa, kwa kuwa wadudu wengine waliokuwa wakimla na kuzaliana ndani ya mwili wake walimzuia asiongezeke. Alianza kusumbua alipofika mahali ambapo maadui hao hawakuwepo.

Katika miaka ya 1990 alisambaa katika visiwa vya Karibiani, na mwaka 1998 akaonekana katika jimbo la Florida nchini Marekani. Baadaye alivuka hadi visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 2008 alikuwa tayari India, Sri Lanka na Indonesia. Afrika Magharibi alibainika kwanza Ghana, takriban mwaka 2010. Mwaka 2015 alithibitishwa nchini Tanzania, na mwaka uliofuata nchini Kenya.

Mtiririko huo wa miaka unaonesha kwamba mdudu huyu hasafiri kwa nguvu zake mwenyewe. Jike hana mabawa na hutembea kwa shida. Anayemvusha mipaka na bahari ni binadamu, kupitia matunda, miche, maua na vipando.

Namna ya kumtambua

Dalili ya kwanza ambayo wengi huiona ni utando mweupe unaofanana na pamba iliyobandikwa chini ya majani, kwenye vikonyo, au katikati ya matunda na shina. Utando huo ukiguswa hunata kidogo na kuacha unga mweupe vidoleni. Wapo wanaodhani ni ukungu, wengine huufananisha na vumbi la chokaa.

Ili kuhakikisha, chukua jani lenye dalili na kuliangalia upande wa chini, hasa kandokando ya mishipa mikubwa ya jani, kwenye mwanga wa kutosha. Kamera ya simu ya mkononi ikisogezwa karibu hufanya kazi ya lenzi kwa kiwango kinachotosha. Jike aliyekomaa ana urefu wa takriban milimita 2, umbo la yai lililobanwa, na nta yake ikifutwa taratibu kwa brashi laini au unyoya, mwili wake huonekana wa manjano. Pembezoni mwa mwili kuna nyuzi fupi nyeupe za nta, fupi kuliko robo ya urefu wa mwili. Hana mistari mgongoni. Nyuma yake hutengeneza kifuko cha nta kinachofanana na kipande cha pamba, na ndani ya kifuko hicho hutaga mayai ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Kifuko kimoja huweza kuwa na mayai 100 hadi 600.

Mayai huanguliwa kwa takriban siku 10. Tunutu wanaotoka ni wadogo mno kuonekana kwa macho bila uangalifu, na hiki ndicho kipindi ambacho mdudu hutembea zaidi kutafuta mahali pa kukaa. Upepo huweza kuwapeperusha hadi mmea wa jirani, na hushikilia pia nguo, vyombo na manyoya ya wanyama. Katika hali ya joto, mzunguko mzima wa maisha huchukua takriban mwezi mmoja. Dume hukua akawa na mabawa, huishi muda mfupi, na mkulima hana sababu ya kumtafuta.

Ipo alama nyingine ambayo hutumiwa na wataalamu. Kidung'ata wa mpapai akihifadhiwa kwenye spiriti hubadilika rangi kutoka manjano kuwa samawati iliyokolea kukaribia weusi, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Mwananchi anayepeleka sampuli kwa afisa ugani akiona mabadiliko hayo ndani ya chupa asidhani kwamba sampuli imeharibika.

Wanaofanana naye

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, hasa kwenye muhogo, ambao huweza kubeba vidung'ata wa aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kidung'ata wa muhogo, ambaye aliingia Afrika miaka mingi kabla ya huyu wa mpapai, ana mwili wa rangi ya waridi chini ya nta. Hukaa zaidi kwenye ncha za shina, na dalili yake kubwa ni majani ya juu kujikunja na kukusanyika pamoja kama ngumi, huku pingili za shina zikiwa fupi na zilizopinda. Kidung'ata mwenye mistari ana mistari miwili myeusi mgongoni na mikia miwili mirefu ya nta, pamoja na nywele zinazong'aa kama kioo. Akionekana mwenye mikia mirefu, basi siye wa mpapai.

Inzi weupe nao huishi chini ya majani ya muhogo na mpapai, lakini waliokomaa huruka jani linapotikiswa. Yupo inzi mweupe mmoja ambaye huacha nta katika mizunguko kama chapa ya kidole chini ya jani. Nta hiyo imejipanga kwa mviringo, wakati ya kidung'ata hurundikana bila mpangilio. Ubwiri unga, ambao ni ugonjwa wa ukungu, huweka unga mweupe juu ya jani bila mdudu yeyote ndani yake.

Kosa la mwisho ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote. Baadhi ya mbawakawa wadogo wa duara wanaokula vidung'ata hutaga mayai yao katikati ya vidung'ata hao, na viluwiluwi vyao hufunikwa na nta nyeupe yenye nyuzi ndefu, kiasi kwamba huonekana kama kidung'ata mkubwa kuliko wenzake. Mkulima akimwona kiluwiluwi wa aina hiyo hudhani amekutana na mama wa wadudu wote, akamponda kwanza. Tofauti ni mwendo: kiluwiluwi wa mbawakawa hutembea kwa kasi akiguswa, na huonekana akipita kutoka kifuko kimoja cha mayai hadi kingine. Kidung'ata hubaki alipo. Kabla ya kuponda chochote, ni vyema kusubiri dakika moja na kuangalia kama kinatembea.

Madhara kwa mimea

Mdudu huyu huingiza mdomo wake mfano wa sindano ndani ya jani au tunda na kufyonza utomvu. Wakati huohuo huingiza mate yenye sumu kwa mmea. Majani hugeuka manjano, hujikunja, hudumaa na hatimaye hudondoka kabla ya wakati. Maua na matunda machanga hupukutika. Tunda lililobaki hufunikwa na nta nene nyeupe na halinunuliki sokoni. Mpapai ulioachwa bila hatua yoyote huweza kukauka kuanzia juu.

Utomvu usiotumika hutolewa na mdudu kama majimaji matamu yanayonata, ambayo hudondokea majani ya chini na matunda. Juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi, unaozuia jani kupata mwanga. Mara nyingi mwenye shamba huuona weusi huo kwanza na kununua dawa ya ukungu, wakati chanzo kiko juu zaidi ya hapo. Ukiona masizi kwenye jani, tazama sehemu ya chini ya jani lililo juu yake.

Kwa upande wa afya ya binadamu, kidung'ata hana madhara. Haumi na haambukizi ugonjwa kwa watu. Papai lenye wadudu wachache laweza kuoshwa, kumenywa na kuliwa, na kisamvu chaweza kuchambuliwa, kuoshwa na kupikwa kama kawaida. Hatari kwa mlaji hutokea pale tunda au kisamvu kinapopulizwa kiuatilifu leo na kuchumwa kesho.

Kwa nini sumu mara nyingi haifanyi kazi

Nta inayomfunika kidung'ata huzuia majimaji. Dawa inayopulizwa juu yake huteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Mayai yamo ndani ya kifuko ambacho nacho ni cha nta. Sehemu kubwa ya wadudu wako upande wa chini wa majani, au katika mwanya kati ya tunda na shina, ambako mkondo wa bomba haufiki. Hivyo, hata dawa yenye nguvu huua waliokaa wazi na kuacha mayai, na baada ya wiki mbili shamba hurudi katika hali ileile.

Wanaokufa kwa hakika ni nyigu wadogo na mbawakawa ambao hawana nta ya kuwakinga. Katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, wakulima walipuliza viuatilifu mara kwa mara baada ya mdudu huyu kuingia mwaka 2008, bila mafanikio ya kudumu. Hali ilibadilika baada ya maadui wa asili kuletwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kwa mwenye mpapai mmoja uani, hesabu ni nyepesi zaidi. Gharama ya chupa ya dawa, bomba na vifaa vya kujikinga huzidi thamani ya matunda yatakayookolewa, na dawa hiyo itapulizwa umbali wa hatua chache kutoka jikoni, kisimani na mahali wanapocheza watoto.

Hatua za kuchukua nyumbani na shambani

Kidung'ata huongezeka wakati wa kiangazi na hupungua mvua kubwa zinaponyesha, kwa sababu matone huwang'oa na kuwazamisha tunutu. Kwa hiyo ukaguzi unapaswa kuongezwa miezi ya ukame, walau mara moja kwa wiki, na usiishie kwenye mpapai. Kagua muhogo, bilinganya na maua ya uani, mbono kaburi uliopandwa kama ua, na magugu yaliyo kandokando. Gugu karoti, gugu vamizi ambalo limesumbua sana mkoani Arusha na maeneo mengine, ni mojawapo ya mimea inayomhifadhi mdudu huyu. Kuling'oa kabla halijatoa maua, kwa mikono iliyovaa glavu kwa kuwa huwasha ngozi, huondoa matatizo mawili kwa pamoja.

Mdudu akionekana kwenye jani moja au mawili, jani likatwe na kuwekwa ndani ya mfuko pale pale chini ya mti. Kuliburuta hadi jalalani kunasambaza tunutu njia nzima. Mfuko ufungwe, kisha majani yachomwe au yafukiwe kwa kina cha angalau nusu mita. Yasitupwe kwenye shimo la mboji lililo wazi, wala kando ya barabara. Baada ya kazi hiyo, nguo zikung'utwe na kisu kioshwe kabla ya kuhamia mti mwingine.

Pale ambapo maji yapo, kuosha kwa maji yanayotoka kwa nguvu kwenye bomba la mpira, yakielekezwa chini ya majani na kati ya matunda, huondoa wadudu wengi. Kazi hii ifanywe asubuhi ili mmea ukauke kabla ya usiku.

Maji ya sabuni ni hatua inayofuata, na hufanya kazi kwa sababu sabuni huvunja nta. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali vikichanganywa na lita moja ya maji vinatosha. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwani huweza kuunguza majani. Kwanza jaribu kwenye majani mawili matatu na usubiri siku moja hadi mbili. Mpapai ni mmea laini na baadhi ya sabuni huudhuru. Mchanganyiko unapaswa kumgusa mdudu mwenyewe, hivyo pulizia upande wa chini wa jani mpaka lilowe, asubuhi au jioni, usipulizie jua likiwa kali. Kwa kuwa mayai hubaki, kazi irudiwe kila wiki kwa wiki tatu au nne. Wengi hukata tamaa baada ya mara moja, wakati mayai yaliyokuwamo siku hiyo ndiyo kwanza yanaanguliwa.

Mwarobaini nao hutumika. Gramu 50 za kokwa za mwarobaini zilizokauka hupondwa, hulowekwa katika lita moja ya maji usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa na kuongezewa sabuni kidogo ili dawa ishike. Itumike siku hiyohiyo, kwa sababu nguvu yake hupungua ikikaa na ikipigwa na jua.

Sisimizi wanastahili maelezo ya peke yao. Hufuata majimaji matamu ya vidung'ata na, kwa kulinda chakula chao, huwafukuza nyigu na mbawakawa wanaokuja kuwashambulia. Mti wenye msafara wa sisimizi unaopanda na kushuka ni mti unaopaswa kukaguliwa. Ukanda wa nailoni uliofungwa kuzunguka shina na kupakwa grisi juu yake huzuia msafara huo. Grisi isipakwe moja kwa moja kwenye gome. Majani yanayogusa ukuta au mti wa jirani yakatwe, kwani sisimizi hugeuza tawi kuwa daraja. Tahadhari itolewe kwa wakulima wa mikorosho na minazi: majimoto wanaojenga viota kwa kushona majani ni msaada mkubwa dhidi ya wadudu wanaofyonza korosho changa na nazi changa. Wasiteketezwe shamba zima kwa sababu ya mpapai mmoja. Kuwazuia wasipande mpapai kunatosha.

Mti ulioshambuliwa hadi ncha yake kukauka hauna faida ya kuokolewa. Ukatwe, ufukiwe, na mwingine upandwe kwa mbegu. Mpapai hukua haraka, na mbegu zilizooshwa na kukaushwa hazibebi mdudu huyu, tofauti na miche inayonunuliwa kandokando ya barabara.

Pale ambapo mkulima wa kibiashara analazimika kutumia kiuatilifu, atumie kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa zao na mdudu vilivyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kipimo kilichoelekezwa na kwa ushauri wa afisa ugani. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kikamilifu, na kwa muhogo zihesabiwe pia kwa kisamvu. Kuchanganya dawa za aina mbili au tatu, au kuongeza mafuta ya taa, hakuongezi nguvu. Huongeza hatari kwa mpulizaji na huunguza mmea.

Nyigu anayezaliana ndani ya kidung'ata

Njia iliyoleta mafanikio makubwa zaidi duniani dhidi ya mdudu huyu ni kumrudishia maadui aliowaacha kwao. Muhimu kati yao ni nyigu mdogo aitwaye Acerophagus papayae, ambaye urefu wake haufiki milimita moja. Hana uwezo wa kumuuma binadamu na hana haja na mmea. Jike lake hutaga yai ndani ya kidung'ata mchanga. Kiluwiluwi hukua akila mwili huo kwa ndani, na kidung'ata hugeuka ganda gumu la rangi ya kahawia lililovimba. Nyigu mpya hutoboa tundu la duara kwenye ganda hilo na kutoka kutafuta kidung'ata mwingine.

Nyigu wa aina hii waliachiwa Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika kuanzia mwaka 1999, na idadi ya vidung'ata ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2010 walipelekwa India kutoka Puerto Rico, na katika muda wa miezi mashamba ya mipapai na mihogo ya Tamil Nadu yalianza kurejea katika hali yake. Ghana nayo iliwatumia, na kutoka Ghana nyigu hao walipelekwa Kenya na kuachiwa katika kaunti za Pwani mwanzoni mwa muongo huu.

Kwa Tanzania, njia hiyo si ngeni. Kidung'ata wa muhogo alipoonekana katika bonde la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa katika nchi nyingi za Afrika, uhaba wa chakula uliwakabili mamilioni ya watu wanaotegemea zao hilo. Mwaka 1981 nyigu aitwaye Anagyrus lopezi alipatikana Paraguay na, baada ya kupitia karantini, akaachiwa Nigeria chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA) yenye makao yake Ibadan. Mwanasayansi wa Uswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nchini, kazi ya kuzalisha na kusambaza nyigu hao iliendeshwa kutoka Kibaha, mkoani Pwani. Wakulima wengi wanaolima muhogo leo bila kumfikiria mdudu yule hawajui kuwa nyigu wangali kazini.

Mambo mawili yanapaswa kueleweka kuhusu njia hii. Kwanza, nyigu hawamalizi vidung'ata wote, kwa kuwa wakiwamaliza watakosa mahali pa kuzaliana. Hubaki wachache kwenye mti, na hali hiyo ni ya kawaida wala haihitaji bomba. Pili, kuingiza mdudu yeyote nchini, hata aitwaye rafiki, kunahitaji kibali na uchunguzi wa karantini. Mtu binafsi asivushe nyigu au majani yenye nyigu kutoka nchi jirani, kwani anaweza kuvusha pamoja nao vimelea wanaowashambulia nyigu hao.

Alichoweza kufanya mkulima ni kuwaangalia waliopo. Ukiona katika kundi la vidung'ata maganda ya kahawia yenye tundu la duara, nyigu wamekwisha kuanza kazi mahali hapo. Katika hali hiyo majani hayo yasichomwe na dawa isipulizwe. Mti uachwe kwa wiki tatu hadi nne na kuangaliwa. Ushauri huu unapingana na ule wa kukata na kuchoma uliotolewa hapo juu, na ndiyo sababu jani linapaswa kuangaliwa kwa karibu kabla ya kisu kutumika.

Usafirishaji na utoaji wa taarifa

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha TPHPA, inasimamia uingizaji na usafirishaji wa mimea na mazao yake. Anayetaka kuingiza miche, maua, vipando au matunda kutoka nje anatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza mimea kutoka kwa mamlaka na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yatokako, na kuvikabidhi kwa wakaguzi mpakani, bandarini au katika kiwanja cha ndege. Mche mmoja wa maua uliofichwa katika begi unatosha kubeba kifuko cha mayai.

Ndani ya nchi, wafanyabiashara wa mapapai wanashauriwa kuacha shambani matunda yenye nta, na kuosha au kukung'uta matenga kabla ya kurudi nayo shamba jingine. Wanaogawana vipando vya muhogo wachague mashina yasiyo na utando mweupe kwenye vifundo na kuondoa majani yote yanayobaki. Wauza miche wakague upande wa chini wa majani kila wiki na kutenga miche yenye dalili badala ya kuipunguzia bei.

Anayemshuku mdudu huyu katika eneo ambalo hajawahi kuonekana atoe taarifa kwa afisa ugani wa kijiji au kata, ofisi ya kilimo ya halmashauri, au ofisi ya TPHPA iliyo karibu. Zanzibar, taarifa zitolewe kwa Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo kupitia maofisa wake wa wilaya. Taarifa nzuri huwa na picha mbili: moja ya mti mzima na nyingine ya upande wa chini wa jani. Itaje kijiji au mtaa, tarehe dalili zilipoonekana, mimea mingine iliyoathirika, na dawa yoyote iliyokwisha kupulizwa. Sampuli ikihitajika, kipande kidogo cha jani chenye wadudu kiwekwe ndani ya chupa ndogo yenye spiriti na kufungwa vizuri, na chupa iandikwe tarehe na mahali kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutika spiriti ikimwagika. Majani mabichi yenye wadudu hai yasibebwe mkononi wala kwenye mfuko ulio wazi ndani ya daladala hadi ofisini.